Kuuza video za droni kwa vituo vya televisheni: mwongozo kamili kwa asiye mwanahabari

Ghala liliungua usiku kucha, na kulipopambazuka droni mbili zilikuwa angani. Rubani mmoja, kijana mwenye mashine nzuri kuliko yangu, alirudi nyumbani akaikata video, akairekebisha rangi, akaiwekea muziki, na saa nane mchana akapandisha mtandaoni video ya dakika nne. Rubani wa pili nilikuwa mimi. Nilikuwa na klipu tatu, ndefu kuliko zote sekunde ishirini na mbili, nayo ilitikisika mwishoni. Zangu zilitoka kwenye taarifa ya habari ya saa saba. Yake ilipata pongezi nyingi.

Sijisifu. Siku ile nililipwa kidogo kuliko nilivyostahili, kwa kosa nitakalolieleza huko mbele. Lakini tangu hapo nimeelewa kwamba chumba cha habari kinanunua uhakika, na kinautaka kabla ya taarifa inayofuata: nani amepiga, wapi, saa ngapi, alikuwa na ruhusa, na ni nani mwenye haki ya kuuza. Picha nzuri isiyo na majibu hayo hubaki kwenye simu ya mhariri. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla ya tukio, wakati hakuna linalotokea.

Karatasi kwanza

Kiswahili kina neno moja kwa kazi zetu zote mbili: wewe unarusha droni, wao wanarusha matangazo. Kosa la mrushaji wa kwanza humfuata wa pili, ndiyo maana mhariri makini atakuuliza kuhusu leseni kabla ya kusifia picha.

Sheria hutofautiana, ila karibu kila nchi yenye sheria za droni utakutana na mambo manne: kusajili droni au mwendeshaji, kufanya mtihani, kutopita mwinuko fulani, na kukaa mbali na maeneo yaliyokatazwa kama viwanja vya ndege na kambi za jeshi. Umoja wa Ulaya na Uingereza wameweka mita 120 kutoka ardhini kwa urushaji wa kawaida wa droni. Marekani imeweka futi 400, ambazo ni karibu kimo hicho hicho. Zipo nchi ambazo droni huzuiwa forodhani kabla haijatoka kwenye boksi.

Jambo linalowanasa watu wengi ni swali la biashara. Tangu 31 Desemba 2020, kanuni za Ulaya hazijali sana kama unaruka kwa starehe au kwa pesa. Zinatazama hatari: uzito wa droni, ukaribu wa watu, mahali ulipo. Hata droni ndogo ya chini ya gramu 250, ikiwa na kamera, mwendeshaji wake kwa kawaida hujisajili. Marekani huuliza nia. Mei 2015 mamlaka ya anga ya huko, FAA, ilitoa waraka kuhusu vyombo vya habari: mtu aliyekuwa akirusha kwa starehe akakutana na tukio, kisha akaamua kuuza picha, si sawa na mtu aliyeondoka nyumbani akiwa na lengo la kuuza. Huyu wa pili alihitaji idhini. Tangu Agosti 2016 njia ya kawaida ya kuipata ni leseni ya Part 107, yenye mtihani wa nadharia, kwa aliyetimiza miaka 16.

Sasa fikiria. Ukiuza mara ya kwanza, ilikuwa bahati. Ukiuza mara ya tatu, nani ataamini kwamba ulikuwa unapunga upepo? Ushauri wangu ni mfupi: kama umefika hatua ya kusoma mwongozo huu, chukua leseni ya kibiashara ya nchi yako, au kibali chochote kinachoruhusu kupokea malipo. Chukua na bima ya madhara kwa watu wengine, maana droni ikianguka juu ya gari la mtu hakuna kituo kitakachokuja kukutetea. Piga picha nyaraka hizo zote uziweke kwenye folda moja ya simu. Utaombwa ukiwa umesimama kwenye tope.

Mipangilio ya kamera, mara moja tu

Fanya haya leo nyumbani ili siku ya tukio usiguse kitu.

Angalia vituo unavyolenga vinatumia kasi gani ya fremu, yaani picha ngapi kwa sekunde. Ulaya, Afrika na sehemu kubwa ya Asia hufanya kazi kwa 25 au 50 kwa sekunde. Amerika Kaskazini na Japani kwa 29.97 au 59.94. Droni nyingi hutoka kiwandani zikiwa kwenye 30, na kuibadilisha baadaye huleta mkwaruzo kwenye mwendo, hasa wa magari na maji.

Rangi iwe ya kawaida. Ile rangi iliyopauka ambayo mafundi wa sinema huipenda inahitaji mtu wa kuirekebisha, na saa kumi na mbili jioni chumba cha habari hakina mtu huyo. Fomati, yaani namna video inavyobanwa, iwe H.264 kama droni yako inairuhusu. H.265 hubana vizuri zaidi, lakini kompyuta za zamani huichukia.

Kuhusu 4K, ule ubora mkubwa wa picha wenye mafaili mazito, hesabu kidogo. Droni inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hutoa megabaiti 750 kila dakika. Kama intaneti yako inapandisha megabiti 5 kwa sekunde, dakika moja ya video itachukua dakika ishirini kufika. Klipu tano za sekunde ishirini zina dakika moja na sekunde arobaini; hapo umekwisha kupoteza zaidi ya nusu saa, na tukio limeondoka kwenye vichwa vya habari. Ukiwa na mtandao dhaifu, piga 1080p, ubora mdogo kuliko 4K, bila aibu. Kama unapiga 4K, jizoeze kutengeneza nakala ya 1080p haraka na ubaki na 4K kama akiba ya kuuza baadaye.

Kwenye droni za kampuni ya DJI kuna kitufe cha maelezo ya video. Ukikiwasha, kila klipu hupata faili dogo la SRT lenye muda, mahali na mipangilio ya kamera, sekunde kwa sekunde. Kiwashe. Utaona kazi yake tukifika kwenye maswali ya mhariri. Hakikisha pia saa ya droni ni sahihi.

Picha za kabla

Hii ndiyo sehemu inayodharauliwa kuliko zote. Siku ya kawaida, jua limetulia, nenda ukapige daraja, bwawa, soko kuu, stesheni, mto ukiwa ndani ya kingo zake, jengo linaloendelea kujengwa. Chagua sehemu moja ya kusimama, andika kimo na mwelekeo, piga sekunde ishirini tu kwa kila kitu.

Siku mto ukivunja kingo, utarudi pale pale, kimo kile kile, mwelekeo ule ule, na utakuwa na kitu ambacho hata kituo chenye helikopta hakina: kabla na baada, picha zinazolingana moja juu ya nyingine. Kituo cha KTLA cha Los Angeles kilianza kutangaza kwa helikopta mwaka 1958, na tangu siku hizo vyombo vikubwa vina mbio kuliko sisi. Wanachokosa ni picha ya mahali hapo siku ambayo hakuna aliyejali.

Tukio limetokea: urushe au usirushe

Tazama juu kwanza. Kama kuna helikopta ya uokoaji, ya polisi au ndege ya kuzima moto, droni inabaki kwenye begi. Januari 2025, wakati wa moto mkubwa wa Los Angeles, mtu mmoja alirusha droni yake karibu mita 2,500 kuelekea motoni hadi akapoteza kuiona. Iligonga ndege ya kuzima moto iliyotoka Kanada, ikatoboa bawa, na ndege ile ikalazimika kukaa chini ikitengenezwa wakati nyumba zinaungua. Mhusika alikiri kosa. Wala usijipe moyo kwamba sasa hivi anga ni tupu. Kwenye moto wa msitu ndege hizo huja chini sana na bila kukuaga.

Angalia kama anga imefungwa kwa muda. Mamlaka hufanya hivyo kwenye maafa, na programu za ramani za marubani huonyesha. Kisha mtafute afisa msimamizi, jitambulishe, mwonyeshe kibali. Wengine watakufukuza. Wengine, na hili limenitokea zaidi ya mara moja, watakuomba uwaonyeshe upande wa pili wa paa. Akikufukuza, ondoka, au piga kwa simu ukiwa nje ya utepe wa polisi.

Na kama mhariri akikupigia ukiwa nyumbani, akasema "tafadhali kimbia pale uturushie", jua kwamba mambo yamebadilika. Sasa unafanya kazi waliyokutuma. Uliza kwanza, kwa maandishi: mnalipa hata kama picha hazitatumika? Bima ni ya nani? Droni ikipotea? Ukiona majibu yanachelewa, umekwisha jibiwa.

Kupiga kwa ajili ya habari

Mhariri wa picha ana sauti ya mtangazaji ya sekunde arobaini na anataka kuifunika. Anahitaji vipande vya sekunde nne, tano, sita, ambavyo havianzi katikati ya mtikisiko. Kwa hiyo fanya hivi: simamisha droni hewani, bonyeza kurekodi, toa vidole kwenye vijiti, hesabu kimoyomoyo mpaka kumi. Ndipo usogee, polepole, upande mmoja tu. Simama tena. Hesabu kumi. Zima. Hiyo ni klipu moja.

Marubani wachanga huona aibu kusimama. Wanadhani droni isiyozunguka ni droni iliyopotezwa. Kumbuka klipu yangu ya sekunde ishirini na mbili pale ghalani: kituo kilitumia sekunde tisa za mwanzo, zile ambazo sikufanya chochote. Zile za mwisho, nilipojaribu kuzunguka moshi kwa ustadi, hazikuonekana popote.

Betri moja ikupatie aina hizi za picha. Ile pana inayoonyesha tukio lote pamoja na mazingira yake. Ya kati, yenye kitu kimoja kinachoeleza habari: paa lililobonyea, lori lililolala, watu wakivuka kwa kamba. Ya juu kabisa, kamera ikitazama chini wima. Kisha ile ninayoiita picha ya ujirani, moto na shule vikiwa kwenye fremu moja, maana habari nyingi za maafa ziko kwenye umbali kati ya vitu viwili, na umbali huo huonekana kutoka juu tu. Mwisho piga alama ya mahali, kama mnara, makutano ya barabara au kona ya mto, ili yeyote mwenye ramani ya satelaiti athibitishe ulipokuwa.

Funga mpangilio wa mwangaza wa kamera usibadilike wenyewe. Moto na maji yanayometa huifanya kamera ipige kwikwi. Tazama upeo wa macho, usiwe umeinama upande mmoja. Usipite juu ya vichwa vya watu. Miili na majeruhi usiwakaribie: ndugu zao huenda hawajapata taarifa, na kituo makini hakitairusha picha hiyo hata ukiipiga.

Kitu kimoja ambacho wengi hawafikirii: droni hairekodi sauti yenye maana. Baada ya kutua, washa kinasa sauti cha simu na urekodi dakika moja ya maji, ving'ora au ukimya wa mahali pale. Itume kama faili la pekee, na useme wazi kwamba ni sauti ya simu. Ukiibandika mwenyewe kwenye video umeihariri, na utaulizwa ni nini kingine ulichohariri.

Dakika thelathini za kwanza

Nakili kadi yote kwenye kompyuta au diski ndogo ukiwa hapo hapo garini. Usifute, usibadilishe majina ya mafaili ya asili, usiyafungue kwa programu inayoyaandika upya. Fanya kazi kwenye nakala.

Usiweke mtandaoni. Najua mkono unawasha. Ukishaweka, mtu wa tatu ataichukua, ataikata jina lako na kuisambaza, na kituo kitaipokea kutoka kwake. Haki zako hazipotei kwa kuiweka, lakini thamani ya kuwa wa kwanza imekwisha.

Andika maelezo kabla kumbukumbu haijachuja. Hapa kuna mtego wetu sisi tunaohesabu saa kuanzia jua linapochomoza: faili linasema 07:20, wewe unasema saa moja na dakika ishirini asubuhi, mhariri asiyejua Kiswahili anaona 1:20 na kudhani ni usiku wa manane au mchana. Andika namna zote mbili, na kama unatuma nje ya nchi ongeza saa za UTC, saa za pamoja za dunia. Nimeona klipu ikikataliwa kwa sababu vivuli vilisema asubuhi na barua ilisema saa nane.

Kisha tengeneza sampuli: sekunde kumi au kumi na tano, ubora mdogo, jina lako limepita katikati ya picha. Lisikae pembeni, linakatika kwa sekunde moja. Sampuli hii ndiyo inayotembea mikononi mwa watu. Mafaili ya asili hayatoki mpaka mkubaliane.

Simu na barua

Piga simu. Barua pepe ya jumla ya kituo inaweza kufunguliwa kesho. Omba dawati la habari au mhariri wa zamu, na uwe na namba hizo tangu zamani, za vituo vitano au sita, pamoja na muda wa taarifa zao kuu. Usipige dakika kumi kabla ya taarifa, hakuna atakayekusikia. Saa mbili kabla ni pazuri.

"Dawati la habari."

"Habari za kazi, dada. Naitwa fulani, ni rubani wa droni mwenye leseni. Nina picha za juu za daraja lililokatika, nimezipiga asubuhi hii saa moja na dakika ishirini."

"Umezipiga wewe mwenyewe, kaka?"

"Mimi mwenyewe, na mafaili ya asili ninayo."

"Nani mwingine anazo?"

"Mpaka sasa hakuna. Nimewapigia nyinyi kwanza."

"Tuma sampuli kwenye namba hii."

Ni hayo tu. Usisimulie ulivyoamka. Na usiseme "hakuna mwingine" kama umekwisha mtumia mwingine; wahariri wanafahamiana kuliko unavyodhani, na waliwahi kukaa dawati moja.

Barua inayofuata iwe fupi na ijibu maswali kabla hayajaulizwa. Yangu huwa hivi:

Kichwa: VIDEO YA DRONI: daraja limekatika, leo 07:20

Habari za kazi. Kama tulivyoongea kwa simu, nina video niliyoipiga mwenyewe ya daraja la mto (jina) lililokatika upande wa mashariki.
Muda: leo (tarehe), 07:20 hadi 07:38, yaani saa moja na dakika ishirini asubuhi hadi saa moja na dakika thelathini na nane.
Mahali: (jina la karibu, wilaya, viwianishi vya ramani).
Klipu 5, jumla dakika 1 na sekunde 40, 1080p, fremu 25, hazijahaririwa, hazina sauti.
Klipu 1, sekunde 24: daraja lote kutoka kusini, maji yakipita juu ya barabara.
Klipu 2, sekunde 18: sehemu iliyokatika, lori limesimama ukingoni.
(na kuendelea)
Leseni ya urubani namba (…), kibali kimeambatishwa.
Hakimiliki ni yangu. Natoa leseni isiyo ya kipekee, bei kwa makubaliano. Mafaili kamili yatafika ndani ya dakika 20 baada ya kukubaliana.
Simu: (…)

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ukiituma kama video ya kawaida itabanwa mpaka iwe kama imepigwa kupitia pazia, na taarifa zake za ndani zitapotea njiani. Kwa mafaili makubwa tumia kiungo cha hifadhi ya mtandaoni chenye nywila, na ukifunge baada ya wiki.

Vituo vikikataa, zipo njia nyingine. Mashirika ya habari kama Reuters, AP na AFP husambaza picha kwa vituo vya nchi nyingi. Storyful, lililoanzishwa Dublin mwaka 2010 na kununuliwa na News Corp mwaka 2013, kazi yake ni kutafuta na kuhakiki video za watu wa kawaida. Yapo pia masoko ya mtandaoni kama Newsflare na ViralHog, yanayouza kwa niaba yako na kugawana mapato nawe. Soma masharti: dalali wa kipekee akishaichukua video, huwezi tena kumuuzia jirani yako.

Watakapokuhoji

Usichukie ukiulizwa maswali kama mtuhumiwa. Video za zamani hurudishwa kila mara kama za leo, na siku hizi zipo zilizotengenezwa na kompyuta. Mhariri atalinganisha paa na barabara na picha za satelaiti, atapima vivuli na muda uliomtajia, ataangalia kama hali ya hewa ya siku hiyo inakubaliana na mawingu yako. Atataka faili la asili, na hapo ndipo SRT inakusemea. Msaidie zaidi: mtumie picha ya simu uliyojipiga ukiwa mahali pale, rimoti mkononi. Mara moja nilimtumia mhariri sekunde tano za droni ikipaa kutoka miguuni pangu, viatu vyangu vya tope vikionekana. Alisema ndizo zilizomshawishi.

Leseni, na kosa langu

Sasa nieleze la ghala. Ujumbe wa kituo ulinijia kwa adabu: "Tunaomba ruhusa ya kutumia video yako kwa kukutaja jina, kwenye majukwaa yetu yote na kwa washirika wetu." Kisha wakataja kiasi kidogo. Nikajibu "Sawa, hamna shida." Jioni nikaona klipu yangu kwenye vituo vingine vitatu. Nilipouliza, nikaambiwa hao ndio washirika. Walikuwa sahihi. Neno moja nililolipita kwa macho lilikuwa limekula mauzo matatu.

Unachouza si video. Unauza ruhusa, na ruhusa ina kuta unazozijenga wewe. Leseni isiyo ya kipekee inakuacha huru kuuza kwa wengine. Hii ndiyo iwe mazoea yako. Ya kipekee inakufunga, kwa hiyo iwe ghali na iwe na mwisho: saa 24, saa 48, wiki. Kuuza hakimiliki yote ni kuachana na video moja kwa moja. Sijawahi kufanya na sioni kiasi gani kingenishawishi, ila wewe unajua shida zako.

Kila makubaliano, hata ya mistari mitatu, yaseme mambo haya. Itatumika kwenye taarifa ya habari tu, au na vipindi na matangazo ya kituo? Kwa muda gani? Ogopa neno "milele", na usione haya kuliandika upya kuwa "siku 30". Nchi gani? Televisheni pekee, au na tovuti na mitandao ya kijamii? Wanaruhusiwa kuwapa wengine? Jina lako litaandikwaje kwenye skrini? Na ile ibara ya fidia, inayosema utakilipia kituo hasara yoyote itakayotokana na video: kubali kuwajibika kwa yale unayoyajua wewe, yaani kwamba uliipiga mwenyewe, ni ya kweli, na ulikuwa na ruhusa. Zaidi ya hapo omba waipunguze.

Wapo watakaokuambia habari ni ya umma, haina mwenyewe. Aprili 1992, wakati wa machafuko ya Los Angeles, shirika dogo la Los Angeles News Service lilipiga kutoka helikopta tukio la dereva wa lori, Reginald Denny, akipigwa njiapanda. Kituo kimoja kiliomba leseni, kikanyimwa, kikapata nakala kwingine na kuirusha. Mwaka 1997 mahakama ya rufani ilikataa kuimaliza kesi kwa hoja kwamba matumizi ya habari yanatosha kuwa halali. Mfano wa pili hauhusu droni lakini unakuhusu: mpiga picha Daniel Morel aliweka kwenye Twitter picha zake za tetemeko la Haiti la Januari 2010, AFP na wauzaji wa picha Getty wakazisambaza bila idhini yake. Novemba 2013 baraza la mahakama jijini New York liliamua alipwe dola milioni 1.2. Kuweka picha hadharani hakukuwa kuitoa sadaka.

Pesa

Muulize mhariri: "Kwa kawaida mnalipaje picha za namna hii?" Kisha nyamaza. Vituo vingine hulipa kwa klipu, vingine kwa kila sekunde au dakika iliyorushwa, vingine kwa siku. Ukitaja wewe kwanza, aidha utajipunja au utamfukuza. Akitaja, pima vitu vitatu: wangapi wanazo, saa ngapi zimebaki kabla ya taarifa, na ingewagharimu nini kutuma mtu wao. Thamani hushuka kila saa. Ukigombania nyongeza mpaka jioni unaweza kubaki na klipu mkononi.

Utasikia pia "hatulipi, ila tutakutaja jina". Jina halichaji betri. Mara ya kwanza kabisa, ili mhariri akujue, huenda ukakubali kwa moyo wako. Iwe klipu moja, matumizi mamoja, kwa maandishi. Lakini ukizoeleka kuwa wa bure, siku ya kutaka malipo watamtafuta wa bure mwingine.

Subiri jibu la maandishi lenye kiasi na masharti kabla ya kutuma faili la asili. Ujumbe mfupi wa simu unatosha. Ankara itume siku hiyo hiyo: jina lako, tarehe, maelezo ya klipu, masharti ya leseni, kiasi, jina la aliyeidhinisha, namba ya malipo. Kisha wasiliana na idara ya uhasibu, maana mhariri hahusiki na hundi, na malipo ya siku 30 au zaidi ni jambo la kawaida. Rekodi kwa simu taarifa za habari zinazoonyesha klipu zako, saa ikionekana. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa sisi wa kazi hii methali hiyo inaeleweka kwa maana zote mbili. Jedwali langu lina safu sita: klipu, nani kapewa, masharti, mwisho wa leseni, kiasi, imelipwa au bado.

Baada ya wiki

Mauzo hayaishii siku ya tukio. Habari kubwa hurudi: tume ya uchunguzi, kesi, kumbukumbu ya mwaka, daraja jipya likifunguliwa. Andika tarehe hizo kwenye kalenda na upige simu wiki mbili kabla. Watengenezaji wa makala za muda mrefu nao huja, na wao ndio watakaotaka ile 4K uliyoiweka akiba, wakiwa hawana haraka na wakiwa na bajeti tofauti na ya dawati la habari.

Hifadhi nakala mbili sehemu mbili, folda ianze na tarehe kisha mahali kisha tukio, na ndani yake weka kila kitu: mafaili ya asili, SRT, sauti ya simu, kibali, barua, ankara. Nilipigiwa simu miezi kumi na tisa baada ya lile ghala. Mtu wa makala alikuwa anatafuta picha za ghala lile kabla halijaungua. Nilikuwa nazo, sekunde ishirini, za siku moja ya kujaribu betri mpya. Leseni niliyompa ilisema matumizi mamoja, lugha moja, miaka mitatu, na neno "washirika" nililifuta mwenyewe kwa kalamu kabla ya kusaini.